Huruma Yenye Mpaka: Maisha na Mwisho wa Nyambizi U-20

Watu wote hukiri kuwa huruma ni wema. Hata mkatili, siku aanguapo yeye, hutaka ahurumiwe. Kwa hiyo swali gumu si kama huruma ni wema au si wema; swali gumu ni huruma inamdai mtu mpaka wapi. Je, yawezekana mtu akawa mwema kwa wenzake, akawa msiba kwa watu wengine, na bado akahesabiwa miongoni mwa wema? Na je, umbali uliopo kati ya mtendaji na mtendwa hupunguza uzito wa tendo?

Maswali haya ni ya zamani, na waliojaribu kuyajibu ni wengi. Katika insha hii nakusudia kuyapima kwa historia ya chombo kimoja cha vita, nyambizi ya Kijerumani iliyoitwa U-20. Nimekichagua chombo hiki kwa sababu maisha yake yalikuwa mafupi, matendo yake yameandikwa, na mwisho wake una jambo moja ambalo wasimulizi wengi hulipita upesi. Wengi hukumbuka kuwa U-20 ndiyo iliyoizamisha Lusitania. Wachache hukumbuka jinsi yenyewe ilivyopotea, na nani waliokwenda kuiokoa.

Kwanza yafaa tujue sheria iliyokuwapo. Kabla ya vita vya 1914 bahari ilikuwa na ada iliyokubaliwa na mataifa. Manowari ikikutana na meli ya biashara ya adui ilipaswa kuisimamisha, kukagua hati zake na shehena yake, na ikiwa ni lazima kuizamisha, kuwatia kwanza mabaharia na abiria mahali pa salama. Mashua ndogo katikati ya bahari haikuhesabiwa kuwa mahali pa salama. Pwani yetu ya Afrika ya Mashariki inayo kumbukumbu ya sheria hiyo. Tarehe 6 Agosti, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imetoka Dar es Salaam, na ambayo iliangamizwa katika mdomo wa mto Rufiji mwezi Julai, 1915, iliikamata meli ya Kiingereza City of Winchester katika bahari ya Arabuni. Meli ilizamishwa siku chache baadaye, lakini watu wake walikuwa wameondolewa. Waliopata hasara walipata hasara ya mali, roho zilibaki. Hivi ndivyo maadui walivyoweza kupigana bila ya kusahau kuwa wote ni wanadamu.

Sasa tuitazame nyambizi yenyewe. U-20 iliundwa Danzig, ikashushwa majini mwezi Desemba, 1912, na ikaanza kazi mwezi Agosti, 1913. Ilikuwa ya aina ya kwanza ya nyambizi za Kijerumani kutumia injini za dizeli. Urefu wake ulikuwa mita 64, na watu wake 35. Ilichukua topido sita, yaani makombora yapitayo chini ya maji, na midomo minne ya kuyatolea, miwili mbele na miwili nyuma. Ikiwa juu ya maji iliweza kwenda mwendo wa maili 15 za bahari kwa saa; ikiwa chini, kiasi cha maili tisa tu, tena si kwa muda mrefu, kwa kuwa huko ilitegemea nguvu ya betri. Nguvu yake yote ilikuwa katika kutoonekana. Ikiibuka, ilikuwa dhaifu kuliko manowari nyingine yoyote: ukuta wake ulikuwa mwembamba, na meli ya biashara yenye mzinga mmoja, au hata yenye omo ngumu na nahodha jasiri, iliweza kuiangamiza.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Chombo hiki hakikuweza kuishika sheria ya zamani bila ya kuhatarisha uhai wake. Ndani yake watu 35 walilala kwa zamu, katikati ya mitambo na topido. Mahali pa kuweka hata abiria 20 hapakuwapo, sembuse 2,000. Mwanadamu alikuwa amebuni silaha ambayo kwa maumbile yake haikuwa na nafasi ya huruma. Ilibaki mambo mawili: ama sheria iipishe silaha, ama silaha iipishe sheria.

Jibu lilionekana mapema. Tarehe 30 Januari, 1915, U-20, chini ya amri ya Kapteni Walther Schwieger, ilizizamisha meli tatu za biashara karibu na Le Havre, Ufaransa, bila ya kuzionya. Meli moja kati ya hizo, Oriole, ilipotea pamoja na mabaharia wake wote 21. Siku mbili baadaye nyambizi hiyo iliitupia topido Asturias, meli ya hospitali, ikaikosa. Msomaji na aziangalie tarehe. Tangazo la Ujerumani la kuyafanya maji yote ya Uingereza na Ireland kuwa uwanja wa vita lilitolewa tarehe 4 Februari, 1915, na lilianza kutumika tarehe 18 ya mwezi huo. Basi tendo lilitangulia amri. Mara nyingi sisi hudhani kuwa watu hufanya maovu kwa sababu wameamriwa; historia hutuonyesha kuwa mara nyingine amri huja nyuma, ikikimbia ili kuwapa vazi watu ambao wamekwisha tenda.

Mwezi Mei wa mwaka ule ule U-20 ilikuwa kusini ya Ireland. Tarehe 5 iliizamisha jahazi ndogo, Earl of Lathom, baada ya kuwaacha mabaharia wake waondoke; tarehe 6 ilizizamisha meli mbili, Candidate na Centurion, na katika meli hizo hapana mtu aliyekufa. Tarehe 7, saa nane na dakika kumi mchana, iliipiga Lusitania kwa topido moja kutoka umbali wa mita 700, bila ya onyo. Meli ile kubwa, iliyotoka New York tarehe mosi, ilizama kwa muda wa dakika 18. Ililala upande mara moja, hata mashua nyingi za kuokolea hazikuweza kushushwa. Kati ya mashua 48 ni sita tu zilizofika majini salama. Watu waliokuwamo walikuwa karibu 1,960. Waliokufa walikuwa karibu 1,200, wake kwa waume, na watoto wachanga mikononi mwa mama zao.

Haki inatutaka tuzisikilize hoja za mshitakiwa kabla ya kumhukumu. Wajerumani walisema kwamba Lusitania ilichukua zana za vita. Na kweli, katika shehena yake zilikuwamo risasi za bunduki zaidi ya milioni nne. Walisema kuwa abiria walionywa. Na kweli, tangazo la ubalozi wa Ujerumani lilichapwa katika magazeti ya New York asubuhi ile ile meli ilipong'oa nanga. Walisema kuwa Waingereza waliziagiza meli za biashara zizigonge nyambizi, na kwamba meli za Kiingereza zilijificha chini ya bendera za nchi zisizopigana. Hayo nayo ni kweli. Walisema, mwisho, kuwa Uingereza ilikuwa imeifunga bahari ili Ujerumani ife njaa, na kwamba mtoto afaye kwa njaa Berlin si mdogo kuliko mtoto afaye kwa maji Ireland. Hoja hii ya mwisho ndiyo nzito kupita zote, wala haifai kubezwa. Maelfu kwa maelfu ya raia walidhoofika na kufa kwa ajili ya upungufu wa chakula, na waliouweka mzingiro ule hawakuziona nyuso zao.

Hata hivyo tuzipime hoja hizi moja moja. Risasi katika shehena zingekuwa sababu ya kuikamata meli. Si sababu ya kumwua mtoto aliyelala juu yake. Onyo ni jambo jema, lakini anayemwonya mtu kuwa atamdhulumu hajapata kwa onyo lake haki ya kumdhulumu. Vinginevyo kila mnyang'anyi angepiga mbiu kijijini, kisha akaiba kwa halali. Hatari ya kugongwa ilikuwa hatari kweli, nayo yaeleza kwa nini nyambizi ilikataa kuibuka. Lakini kueleza si kuhalalisha. Na juu ya njaa, ubaya wa mzingiro ni shitaka juu ya walioweka mzingiro. Ubaya wa wawili haufanyi wema wa mmoja. Mizani ya haki haisawazishwi kwa kuongeza maiti katika kitanga cha pili.

Lakini swali la umbali bado linatungoja. Wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii ilikuwa kweli kwa karne nyingi, kwa kuwa aliyetaka kuua alilazimika kusogea, na katika kusogea aliona uso, alisikia sauti, na pengine moyo wake ulibadilika. Nyambizi ilikuwa miongoni mwa vyombo vya kwanza kuigeuza methali hiyo. Mtu mmoja tu, katika watu 35, alitazama katika darubini. Wengine waligeuza magurudumu na kusoma vipimo. Aliyeifungua njia ya topido hakuona lolote ila chuma. Kazi ya kuua iligawanywa vipande vidogo vidogo, na kila mtu akapewa kipande kisichofanana na mauaji.

Na yule mmoja aliyetazama, aliona nini? Imebaki nakala iliyopigwa taipu ya kitabu cha safari cha Schwieger. Ndani yake imeandikwa kwamba kulikuwa na mchafuko mkubwa juu ya meli, kwamba mashua zilijaa na kupinduka, na kwamba yeye asingeweza kupiga topido ya pili katikati ya umati wa watu waliokuwa wakijiokoa. Wako wataalamu wanaotilia shaka maneno haya, wakisema kuwa yalitiwa baadaye ili kumpamba mwandishi wake. Kwangu mimi hitilafu hiyo haiharibu maana. Ikiwa Schwieger aliyaandika mwenyewe, basi umbali haukumficha lile alilolitenda. Dhamiri yake ilifika mahali ambapo mkono wake haukutaka kufika. Ikiwa yalitiwa na wengine, basi wao waliona kuwa tendo lile halikuweza kusimama uchi mbele ya watu, likahitaji nguo ya huruma. Uongo wenyewe, ukitungwa ili kuonyesha huruma, huishuhudia haki ya huruma.

Baada ya hapo U-20 ilikwenda zake, na bahari ikabaki na watu wake. Waliowafikia mapema walikuwamo wavuvi wa mashua ya tanga iitwayo Wanderer, kutoka Peel katika kisiwa cha Man. Walikuwa watu saba. Kwa mashua yao ndogo waliwaokoa watu zaidi ya 150, ingawa walijua kuwa nyambizi huenda ingalipo chini yao. Hapana amri iliyowapeleka. Hawakuuliza anayezama ni wa taifa gani. Nawataja kwa sababu wao ndio ushahidi kuwa huruma isiyo na mpaka si ndoto ya wanafalsafa. Ilipata kutendwa na watu saba waliokuwa wakienda kutafuta samaki.

Serikali ya Ujerumani, kwa kuogopa hasira ya Marekani ambayo raia wake zaidi ya 120 walikufa katika Lusitania, iliwazuia makapteni wasishambulie meli kubwa za abiria. Hata hivyo tarehe 4 Septemba, 1915, Schwieger aliipiga Hesperian, meli ya abiria, na watu 32 wakafa. Katika shehena ya meli hiyo ilikuwamo maiti ya mmoja wa waliokufa katika Lusitania, iliyokuwa ikirudishwa kwao Kanada kuzikwa. Nyambizi ile ile ilimzamisha marehemu yule mara ya pili. Tarehe 8 Mei, 1916, ikaizamisha Cymric, na watu watano wakafa.

Sasa tumefika mwisho wa chombo hiki, na hapa ndipo penye jambo nililolidokeza mwanzo. Mwanzoni mwa Novemba, 1916, U-20 ilikuwa ikirudi nyumbani. Nyambizi nyingine, U-30, ilikuwa imeharibikiwa na injini zake. Schwieger hakumwacha mwenzake, alifuatana naye. Katika ukungu, tarehe 4 Novemba, nyambizi zote mbili zilipanda mchangani katika pwani ya magharibi ya Denmark, karibu na Vrist. U-30 ilipunguza uzito, ikajinasua. U-20 haikuweza. Ilipotea, basi, katika safari ya kumsindikiza aliyeharibikiwa. Katika maisha yake yote hakuna tendo lililokuwa jema kuliko hilo.

Wala si hilo tu. Habari ilipofika, Amirali Reinhard Scheer, mkuu wa manowari za Ujerumani, alipeleka kikosi kizima: meli ndogo za topido za kuivuta nyambizi, na manowari kubwa za kuzilinda. Kamba zilifungwa, zikakatika, maji yalijaa, yakapwa, chombo hakikutoka. Tarehe 5 Novemba watu wake walikilipua wenyewe, wakachukuliwa salama. Katika kurudi, nyambizi ya Kiingereza J1 ilizipiga topido manowari kubwa mbili, Grosser Kurfürst na Kronprinz, ingawa hazikuzama. Kaisari Wilhelm alikasirika, akaona si busara kuhatarisha manowari kubwa kwa ajili ya nyambizi. Scheer alijitetea kuwa watu wanaokwenda katika hatari kama ile ni lazima wajue kuwa, wakipatwa na msiba, wenzao watafanya kila liwezekanalo kuwaokoa.

Hoja ya Scheer ni nzuri, na naikubali. Hesabu ya Kaisari ilikuwa hesabu ya chuma. Hesabu ya Scheer ilikuwa hesabu ya imani kati ya mtu na mtu, na bila ya imani hiyo hakuna jeshi wala kijiji kinachoweza kudumu. Lakini kwa sababu hoja ni nzuri, yatupasa kuuliza kwa nini ilikomea pale ilipokomea. Watu 35 waliokwama mchangani, karibu na nchi kavu, walistahili kuhatarishiwa manowari kubwa na mabaharia wake wote. Watu karibu 2,000, waliokuwa katika kina kirefu, hawakustahili hata onyo la dakika chache. Ndiyo maana wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu uchungu. Aliyejua kuwa kuachwa baharini ni jambo lisilovumilika kwa watu wake, alijua kuwa halivumiliki. Hakuweza tena kusema hakujua.

Msomaji ataniuliza: je, si kweli kuwa kila mtu ana wajibu kwa watu wake kwanza? Mama haokoi kwanza mtoto wa jirani. Nahodha hashushi mashua kwanza kwa ajili ya meli nyingine. Nakubali. Wajibu una daraja, na aliye karibu ana haki ya kutangulia. Lakini kutangulia si kumaliza. Kumpa wangu kwanza si ruhusa ya kumnyima mwingine kile ambacho kila mwanadamu anastahili, na kilicho kidogo kabisa katika haki ya mwanadamu ni kutouawa pasipo kosa wala kuonywa. Huruma yaweza kuzidi kwa ndugu, wala hapana lawama. Haiwezi kupungua chini ya haki kwa mgeni ikabaki kuwa wema. Ikipungua hapo, huwa ni kujipenda kulikotanuka kidogo: zamani nilijipenda peke yangu, sasa napenda wote wanaofanana nami.

Waliomtumikia Schwieger walimsifu kuwa mtu mpole na mcheshi, mpendwa wa mabaharia wake. Sioni sababu ya kuwakadhibisha. Tukisema kuwa alikuwa shetani, tumejipa faraja isiyo ya kweli, kwani kila mmoja wetu ana hakika kuwa si shetani. Lililo gumu kumeza ni kuwa alikuwa mtu wa kawaida, mwaminifu kwa wenzake, na kwamba uaminifu huo haukumzuia. Alipewa nishani kubwa ya Ujerumani, Pour le Mérite, mwezi Julai, 1917. Mwezi Septemba mwaka huo huo alipotea pamoja na nyambizi yake mpya, U-88, na watu wote waliokuwamo. Alikuwa na miaka 32. Safari hii hapakuwa na mchanga wa kukwama, wala kikosi cha kwenda kuokoa.

Na ile chaguo kati ya sheria na silaha, mataifa yaliiamuaje? Kwa maneno, sheria ilishinda: katika mwaka 1936, London, mataifa makubwa yalithibitisha kuwa nyambizi nazo zimefungwa na ada ya kuwaweka salama watu wa meli za biashara. Kwa matendo, silaha ilishinda: katika vita vilivyoanza 1939 Wajerumani, Waingereza na Wamarekani, kila mmoja katika bahari yake, walizamisha meli bila ya kuonya. Amirali Karl Dönitz aliposhitakiwa Nuremberg, mahakama ilimwona ameivunja sheria hiyo, lakini haikumpimia adhabu kwa kosa hilo, kwa kuwa ilionekana kuwa waliomshinda nao walifanya vivyo hivyo. Yako mafundisho mawili katika hukumu hiyo. La kwanza ni kwamba kosa likitendwa na wote hapabaki mwenye mikono safi ya kuadhibu. La pili, ambalo aghalabu husahauliwa, ni kwamba hata hapo mahakama haikusema kuwa kosa si kosa.

Leo fimbo ya mbali imekuwa ndefu zaidi. Ndege zisizo na rubani huongozwa na watu walioketi nchi nyingine, na kazi ya kuua imegawanywa vipande vidogo kuliko vile vya U-20. Mwanafunzi asomaye maneno haya huenda asipate kamwe kuamuru chombo cha vita, lakini ataketi ofisini, atatia sahihi karatasi, na mwisho wa karatasi hiyo patakuwa na mtu asiyemwona. Kipimo ni kile kile: je, lile ninalolitenda kwa nisiyemwona, ningelivumilia litendwe kwa yule ambaye ningepeleka kikosi kizima kumwokoa?

Mabaki ya U-20 yalilipuliwa tena na Wadenmark mwaka 1925. Mzinga wake umewekwa katika jumba la makumbusho huko Thorsminde, si mbali na pale ilipokwama, na vipande vingine vya chuma vimebaki chini ya maji karibu na ufuko. Waliookolewa pale walirudi kwao wote. Ilikuwa haki yao kurudi. Na ilikuwa haki hiyo hiyo, bila ya kupunguzwa hata chembe, kwa wale walioachwa Ireland.